Kompaila ya Nyumbani na Majaribio Yake



Kompaila ya C inatumiwa na watu wengi mno duniani. Kasoro ikijitokeza leo, kesho kuna atakayeiripoti. Kompaila uliyoiandika mwenyewe hapa Kigali inatumiwa na wewe, na pengine rafiki yako mmoja. Majaribio yanayojiendesha ndiyo yanayoziba pengo la watumiaji usio nao.

Mfano wa karibu ni Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili iliyotoka Tanzania. Imeandikwa kwa lugha ya Go, na maneno yake ni kama fanya, kama, sivyo, wakati na rudisha. Kusema kweli Nuru ni kifasiri, si kompaila, ila namna ya kuipima haitofautiani: faili za majaribio zimekaa ndani ya msimbo wake, na amri ya go test huziendesha.

Kuendesha ni rahisi. Kazi ni kuchagua cha kupima. Wengi hujaribu 2 + 3 * 4, wakipata 14 huridhika. Jaribuni 10 - 4 - 3. Jibu ni 3, lakini kompaila inayopanga hesabu kuanzia kulia itatoa 9, tena kimyakimya. Halafu gawanyeni -7 kwa 2. C hutoa -3; Python, kwa alama ya //, hutoa -4. Zote mbili ziko sahihi kwa kanuni zake. Msipoamua mapema, kompaila inayokokotoa namba kabla ya programu kuendeshwa inaweza kutoa jibu moja, na programu yenyewe ikatoa jingine.

Lipo tatizo kubwa zaidi: anayeandika jaribio ndiye aliyeandika kompaila. Akikosea kuelewa kanuni, kompaila na jaribio vitakosea pamoja na kila kitu kitaonekana shwari. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza kazi ya Csmith, programu inayotunga programu za C kwa kubahatisha, zikapitishwa kwenye kompaila mbalimbali na majibu kulinganishwa. Walipata kasoro zaidi ya 325, zikiwemo za kompaila za GCC na LLVM. Nasi tunaweza: andika kifasiri kidogo cha lugha yako, hata kikiwa cha polepole, kisha majibu yake yalinganishwe na ya kompaila.

Msisahau kuijaribu kompaila kwa programu zenye makosa pia. Rwanda ina lugha rasmi nne, Kiswahili kikiwemo tangu 2017, na ujumbe wa kosa huenda ukahitajika kwa zote. Jaribio linalodai sentensi neno kwa neno litavunjika kila mtafsiri anaporekebisha koma. Pimeni namba ya kosa na mstari lilipotokea. Sentensi zikae kwenye faili yake.

Ombi langu kwenu ni hili: kila kasoro mnayoikuta iandikieni jaribio kwanza, lishindwe mbele ya macho yenu, ndipo mrekebishe. Na jaribio hilo lisifutwe.