Mlango Ulifungwa, Watoto Wakiwa Ndani

Fungueni 2 Wafalme sura ya 4, mstari wa 1 mpaka wa 7. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii amebaki na deni la mumewe, na mdai amefika kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa.

Leo sihubiri juu ya utajiri. Nahubiri juu ya nyumba iliyo chini ya deni, na juu ya watu wanaolala ndani yake.

Hapa kwetu benki haimkopeshi mtu wa kijiji kwa dhamana ya nyumba yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na anayetaka kuweka nyumba rehani kisheria lazima awe na hati iliyoandikishwa katika ofisi ya ardhi. Wengi wetu tuna karatasi ya chifu tu. Basi mtoto akilazwa, au biashara ikianguka, baba anakwenda kwa mwenye pesa, ule mkopo wa mtaani watu wanaouita Banque Lambert. Anaacha karatasi ya lupango, anatia sahihi, anarudi na dola 100. Na mara nyingi mama wa nyumba hajui lolote.

Sasa mtazameni Elisha. Mjane analia mbele yake, naye hamwombei kwanza. Anamwuliza ana nini nyumbani. Na yule mama anajibu palepale: hana kitu ila chupa ya mafuta. Alijua hesabu ya nyumba yake yote, mpaka chupa moja. Baba unayenisikia, mama akiulizwa leo nyumba yenu inadaiwa kiasi gani, atajibu? Na wewe mama, lile deni la duka ulilolificha chini ya godoro, baba analijua? Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka mume na mke wapatane kabla ya kuingia katika mapatano yanayowafunga. Kumbe Serikali imeandika jambo ambalo sisi tulipaswa kulihubiri zamani.

Kisha nabii anamwambia aingie ndani, afunge mlango, yeye na wanawe. Wengi tunaposoma hapa tunaona siri. Ni kweli, deni si habari ya kutangaza kisimani. Lakini mlango ulifungwa watoto wakiwa ndani. Wao ndio waliomletea mama vyombo, yeye akamimina. Mtoto anayejua kwa nini mwezi huu hakuna mikebuka mezani, ni bugali na sombe na ndakala kidogo, hatafikiri kwamba baba ameacha kumpenda. Atapokezana vyombo na ninyi. Mtoto asiyeambiwa kitu ndiye analia njia nzima akitaka viatu vipya.

Tufanye hesabu kidogo, msichoke. Tuseme umekopa dola 100, riba ni 20 kwa kila mia kila mwezi, juu ya kile kilichobaki. Ukipeleka dola 20 kila mwisho wa mwezi, unalipa riba peke yake. Miezi mitano umetoa dola 100, na bado unadaiwa zile 100 za kwanza, kama siku uliyotia sahihi. Lakini nyumba ikikaza mkono ipeleke dola 40, mwezi wa kwanza linabaki 80, wa pili 56, wa tatu 27 na senti, na mwezi wa nne unamaliza kwa dola 33 hivi. Jumla umetoa karibu 153. Zile dola 20 za ziada ndizo zinazokula deni. Kabla ya kuanza, patana na mwenye pesa kwamba kila unacholipa zaidi kinapunguza deni lenyewe, na kiandikwe.

Zitoke wapi? Si mbinguni peke yake. Wapentekoste tunapenda sana kuombea deni lifutwe, na Mungu anaweza. Lakini katika sura hii Mungu hakumpa mjane pesa. Alimpa mafuta, na mafuta yalipaswa kubebwa yakauzwe. Sisi watu wa mawese tunaelewa: bidoni iliyojaa ikikaa ndani ya nyumba haijalipa deni la mtu. Zamu yako ya likelemba ikifika, pesa isilale kwako. Ipite moja kwa moja kwa mdai, mkiwa wawili. Maji ya Kyimbi yanawasha taa mpaka Kalemie kwa sababu hayaachwi yatawanyike njiani.

Na hapa naomba kamati ya mama inisamehe. Kila sikukuu tunatangaza kikwembe kipya, na asiyenunua anaona haya kusimama na wenzake katika kwaya. Mwaka huu tuvae kile cha mwaka jana. Na asiwepo mtu wa kuleta sadaka kubwa mbele ya macho ya watu kwa pesa aliyomwahidi mdai wake Jumatatu. Toa ulicho nacho, hata kidogo, Bwana anakiona.

Lakini kuna mpaka. Nabii alisema alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Wakae hai! Anayemtoa mtoto darasani akabebe mchanga kwenye machimbo ili deni liishe upesi, amemwachia mdai mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ndilo chakula cha nyumba. Basi jembe lisiuzwe, wala baiskeli inayobeba mihogo.

Neno kwa wakopeshaji, maana mko kanisani na mnaimba vizuri. Someni Nehemia 5. Watu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa sababu ya njaa, na Nehemia akakasirika, akataka warudishiwe, pamoja na sehemu moja ya mia waliyotozwa. Moja ya mia! Ninyi mnachukua 20, na wengine zaidi. Torati 24 inamwambia mdai asimame nje, asiingie nyumbani kwa mtu kuchukua rehani. Wewe unaingia mpaka jikoni, unahesabu sufuria.

Siku mtakapomaliza, msirudi nyumbani na maneno matupu. Nendeni baba na mama, na mashahidi wawili, mtake karatasi yenu ya lupango na ile hati mliyotia sahihi, muipasue mkiwa wote hapo. Kisha someni Wakolosai 2:14 pamoja na watoto, nao watauelewa mstari huo kuliko nilivyowahi kuwaeleza mimi. Na mniite jioni hiyo tuombe pamoja. Mikebuka nitaleta mimi.