NCHI JIRANI: WATOTO NA MAJI YA MIPAKANI



Tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyojaa wakimbizi wa Kongo ilipinduka katika Ziwa Albert. Wakimbizi hao walikuwa wametoka kambi ya Kyangwali, nchini Uganda, wakirejea kwao. Walikuwa wamenusurika na vita. Hawakunusurika na maji. Walikufa zaidi ya watu 100, miongoni mwao watoto wengi. Tarehe 3 Oktoba 2024 Wakongo wengine walizama katika Ziwa Kivu, pale MV Merdi iliyotoka Minova ilipopinduka ikikaribia kutia nanga Kituku, mjini Goma. Nasi Watanzania hatujausahau msiba wa MV Nyerere wa tarehe 20 Septemba 2018, uliochukua roho za watu zaidi ya 220 karibu na gati la Ukara.

Ni dhahiri kwamba kukizuia chombo kilichojaza kupita kiasi ni wajibu wa kwanza wa dola. Wala kuogelea hakumwokoi aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka. Lakini Kituku na Ukara nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho. Katika hali kama hiyo, ajuaye kuelea hupata nafasi ya kukutwa hai. Asiyejua huzama kabla kamba haijamfikia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Hao wadogo dawa yao ni kuangaliwa na watu wazima na kuzibwa visima. Wenye umri wa kwenda shule, shirika hilo linashauri wafundishwe kuogelea, kujihadhari na maji, na kuokoa wenzao kwa njia ya salama.

Watakuwapo watakaosema kwamba mabwawa ya kuogelea ni anasa ya matajiri. Bangladesh, nchi isiyo tajiri, imefundisha watoto katika madimbwi ya vijijini, ndani ya uzio wa mianzi. Pwani za maziwa yetu zina mamba na kichocho. Kwa hiyo mahali pa kufundishia pachaguliwe pamoja na wavuvi wazoefu na mabwana afya.

Ndugu askari, wengi wenu mko katika kambi na vituo vya mwambao, na miongoni mwenu wamo waogeleaji hodari. Kwa idhini ya makamanda, na kwa ushirikiano na walimu na wazazi, saa moja ya Jumamosi yatosha kuwafundisha watoto bila malipo: kuelea chali, kupumua bila hofu, na kurudi ufukoni. Wafundishwe pia kwamba mfa maji haishi kutapatapa, naye humzamisha amkimbiliaye mikono mitupu. Mtoto apige kelele kuita wakubwa, anyoshe fimbo, au arushe kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, asijitose.

Wanajeshi na polisi wetu walioopoa maiti Ukara wanajua uzito wa kazi ile. Maji yanayotuunganisha na Uganda, Kongo, Burundi na Kenya hayaulizi uraia wa mtoto. Haifai tuyangoje yatuite tena kuopoa, ilhali tunao uwezo wa kufundisha leo.