LORI HALIJI KWA MAGUNIA MAWILI
(Maneno ya Kamati ya Ustawi kwa mkutano wa wanachama, Mwankoko. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumeomba kusema kabla ya habari za alizeti, maana ikishaanza bei ya alizeti hakuna atakayetusikiliza tena. Tunataka kuzungumza juu ya watoto wetu na kliniki ya mkoba.

Mkoba ni pale muuguzi anapotoka zahanati akatufuata sisi, na mizani, na kisanduku cha baridi chenye chanjo. Akina mama wanajua. Tunawaeleza akina baba, tusifichane.

Sasa liko jambo ambalo wengi hatujaelezwa. Chanjo ya surua na rubella hutolewa mtoto akifika miezi 9, kisha tena miezi 18. Huja ikiwa unga mkavu, muuguzi anaichanganya na maji yake papo hapo. Kichupa kwa kawaida hutosha watoto 10. Kikishachanganywa ni saa 6 tu, kilichobaki kinatupwa. Basi fikirini: wamekuja watoto wawili. Akifungua, dozi 8 zinamwagwa. Asipofungua, mama ataambiwa rudi mwezi ujao, na mwezi ujao ni palizi. Hapo si ubaya wa muuguzi wala uvivu wa mama. Ni hesabu, na hesabu hiyo sisi wanaushirika tunaijua vizuri: lori haliji kwa magunia mawili. Ndiyo maana tunakusanya mazao ghalani kwanza. Watoto nao tuwakusanye.

Na ile ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtoto ameshaanza kukimbia, anakula ugali, mama anaona kliniki imekwisha. Haijaisha.

Mtu atasema, Mwankoko tumo ndani ya Manispaa ya Singida, si porini. Ni kweli. Lakini mama mwenye mmoja mgongoni na mwingine mkononi, majani yamejaa shambani, kwake hata mtaa wa pili ni mbali. Jirani zetu wa kaskazini wana umbali wa kweli kweli. Hospitali ya Haydom kule Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, imepeleka mkoba vijijini kwa gari, na pasipofika gari kwa ndege ndogo. Hata hivyo ndege ikitua, lazima akina mama wawepo chini ya mti. Ndege haiwezi kuwaita.

Wazee wanakumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wamekaa kwa vikundi kuizunguka redio, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Waliojiunga nchini walikuwa karibu milioni mbili. Miaka kumi baadaye, kuanzia 1983 na 1984, vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa vilianza mpango wa lishe, Serikali ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Watoto walipimwa uzito papo hapo kijijini, na hesabu ikaletwa mbele ya serikali ya kijiji: wangapi wamepungua, na kwa nini? Je, mama hana muda wa kupika mara ya tatu? Uji mwepesi mno? Miaka hiyo wataalamu wa lishe walihimiza kimea, kidogo tu kwenye uji mzito, ulainike mtoto aumeze bila kuongeza maji. Kimea sisi tunacho, ila kimezoea kwenda kwenye chungu kingine.

Kwa hiyo tunaomba mkutano ukubali haya. Ghala letu liwe mahali pa mkoba: lina kivuli, na boti ya kutundikia mizani ipo. Siku moja kabla, wanachama wawili wa zamu wapite nyumba kwa nyumba, na mmoja wao awe mwanamume. Matokeo yabandikwe hapa ukutani, idadi tu, jina la mtoto hata moja lisionekane. Hatutaki mama akimbie mizani kwa aibu.

La mwisho, mkoba haungojwi kwa mtoto mahututi. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asiamke, akipumua mbio au mbavu zikibonyea ndani, apelekwe zahanati saa hiyo hiyo, hata usiku. Tunaomba kila gunia la alizeti litakalouzwa msimu huu likatwe kidogo, iwe akiba ya pikipiki ya dharura. Kiasi gani, mtaamua nyinyi. Ila msituambie tungoje mpaka bei ipande.

Watakaoshika zamu ya kwanza wajiandikishe kwa Katibu kabla ya Jumamosi. Kadi za watoto zitafutwe leo, ziko darini na masandukuni. Hata iliyoliwa na mchwa, njoo nayo.