Nchi Waliyoiita Tupu



Siku ya jubilei watu huhesabu miaka na kushukuru. Sisi twaomba ruhusa tuseme habari ya neno moja tu, maana lilitudhuru, na wengine wetu tungali twalifundisha shuleni. Neno hilo ni "tupu".

Mwaka 1883 Joseph Thomson, mtu wa Scotland, aliingia nchi ya Wamasai. Kitabu chake kilipigwa chapa London mwaka 1885. Aliigawa nchi mafungu mawili: fungu la kaskazini, lililo juu, alilisifu, fungu la kusini, la nyika za chini, aliliita jangwa lisilozaa. Tusimwonee: alikiri kwamba kosa si la udongo, ila mvua ni haba. Lakini katika safari hiyo hiyo aliona makundi makubwa ya ng'ombe, akawatolea Wamasai hongo ya nyuzi za chuma, shanga na nguo. Je, nchi isiyozaa huwapa wenyeji nguvu ya kumtoza mgeni hongo?

Kosa lake ni la mpita njia. Msafiri huiona nchi siku moja. Mchungaji huijua mwaka mzima. Wakati wa mvua huwashusha ng'ombe olpurkel, ndiyo nyika ya chini, nyasi zikiwa changa. Kiangazi huwapandisha osupuko, nchi ya juu yenye baridi na msitu. Tena hutenga alalili, malisho yaliyokatazwa, kwa ajili ya ndama na wanyama wadhaifu. Basi malisho yasiyo na ng'ombe leo hayakutupwa; yanapumzishwa. Hata jina la mahali petu, Oldonyo Sambu, ni mlima wa rangirangi, na neno hilo sambu ndilo wachungaji wamwitalo ng'ombe wa rangi zilizochanganyika.

Kisha msiba ukaja. Karibu na mwaka 1891 sotoka iliua ng'ombe. Ndui na njaa zikaua watu. Oscar Baumann alipopita mwaka 1892 aliwakuta Wamasai wamekondeana kwa njaa. Mwaka 1895 serikali ya Wadachi ikatoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Watu walioishiwa na ng'ombe wangeonyeshaje kwamba malisho ni yao? Mwanzoni mwa karne ya 20 Makaburu kutoka Afrika ya Kusini wakapewa mashamba kaskazini ya Meru. Nchi iliyodhaniwa tupu ikapimwa, ikagawanywa.

Nasi pia tuna hatia. Tulipoletwa huku kufundisha ulikuwa mwezi wa Oktoba. Tuliona vumbi, tukawaambia watoto wa wachungaji mbele ya ubao, "Hapa hapafai kitu." Ilipofika Aprili nyasi zilitufika magotini, na mtoto mmoja akatuuliza kwa adabu, "Mwalimu, mahali pale pasipofaa ni wapi?" Hatukuwa na jibu.

Basi, waalimu, tusomapo habari za wasafiri darasani, tuulize: Alipita mwezi gani? Alimwuliza nani? Nanyi ndugu wote, kabla hatujasema ardhi fulani imelala bure, twende kwanza bomani, tupige hodi, tuulize inamlisha nani.