Grafu ya Bei za Korosho: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama, Nalasi



Stakabadhi ghalani ilianza katika korosho mkoani Mtwara mwaka 2007. Leo nasi twauza kwa mnada. Mkulima ana haki ya kuona mwenendo wa bei.

Katika programu ya Excel, andikeni tarehe za minada safu ya kwanza, bei ya kilo safu ya pili. Teueni safu zote mbili, kisha chagueni grafu ya mstari. Bei iwe tarakimu tupu, bila neno “shilingi”. Bei isipopatikana, acheni kisanduku kitupu. Mkiandika sifuri, mstari utaporomoka na wanachama watadhani bei imeanguka.

Ibandikeni ubaoni kabla ya malipo. Hesabu ya wazi huondoa manung'uniko.