Mtoto wa Ziwa Asiyejua Kuogelea

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Bujora)



Nimeombwa niwasimulie safari yangu ya Uganda. Nitasimulia, ingawa sikurudi shujaa.

Mwaka 2004, nikiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilitumia likizo kwenda Jinja. Nilisafiri kwa basi kupitia Sirari, Kisumu na Busia. Jinja ndipo maji ya ziwa letu yanapopata njia yake pekee ya kutokea, yakawa Mto Nile na kuanza safari ya zaidi ya kilomita 6,000 hadi bahari ya Mediterania. Nilitaka kuyasindikiza kidogo.

Penye maporomoko ya Bujagali tulipanda boti la mpira, kila mtu na kasia lake, kofia ngumu na jaketi la kuokolea. Msimamizi aliuliza nani hajui kuogelea. Nilinyamaza. Ningekiri vipi mbele ya wageni wa Ulaya kwamba mimi, mzaliwa wa Mwanza, sijui?

Kwenye poromoko la pili boti lilipinduka. Jaketi lilinirudisha juu, lakini kwa hofu nilitapatapa na kumeza maji mengi. Kijana mmoja Msoga, aliyekuwa akitufuata kwa mtumbwi mdogo, alinishika mkono akanivuta hadi ukingoni.

Alinipeleka kwao. Mama yake alinipa chai, kisha matoke kwa samaki. Tulicheka sana kugundua kuwa ngege wao ndiye sato wetu, na mputa ndiye sangara. Kijana akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, bila dharau: "Ninyi mna ziwa zima. Nani aliwakataza kuogelea?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa kwao siku nne. Kila asubuhi alinifundisha mahali palipotulia, nikiwa nimekumbatia dumu tupu la plastiki. Nilipoaga, walikataa hata shilingi moja.

Ndugu zangu, maporomoko yale hayaonekani tena. Bwawa la umeme la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, limeyafunika. Lakini swali la kijana yule bado lipo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, nilikuwa kidato cha kwanza hapa hapa. Wenzangu mnakumbuka kimya cha wiki ile. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote. Nasema mtoto anayekulia kando ya maji afundishwe maji, kama anavyofundishwa kuvuka barabara.

Vijana, msikimbilie ziwani peke yenu jioni hii. Kuna mamba na kichocho. Ombi langu ni kwetu wakubwa: tuisaidie shule iingize kuogelea katika michezo yake, mahali salama, chini ya mwalimu. Mimi naanza kwa kutoa majaketi 10.

Nanyi vijana, siku mtakapoulizwa nani hajui, inueni mkono. Kutojua si aibu. Kunyamaza ndiko kulikotaka kuniua.