Karatasi ya afya ieleweke kwa wote



Mnaweza kujiuliza: mabango na karatasi za afya zinahusu nini amani? Zinahusu sana. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ikafika pia Ituri. Hadi ilipomalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko aliuawa mjini Butembo. Vita na siasa vilichangia. Lakini mtu asipoelewa anachoambiwa, uvumi ndio unaompa jibu.

Kwa hiyo, tunapotengeneza karatasi tukumbuke mambo manne.

Kwanza, lugha. Mama anayesema Kinande nyumbani hasaidiwi na Kifaransa cha shule, wala Kiswahili cha vitabuni. Kama watu wanasema "mayi", andika "mayi". Tena pima kila neno. Kwa polisi, mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa mwizi. Ukimwita mgonjwa "mshukiwa wa Ebola", umemfanya mkosaji, naye atajificha.

Pili, jambo moja kwa karatasi moja. Usieleze historia ya ugonjwa; sema la kufanya. Mtoto anayehara, kama hakuna pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji, apewe lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku akipelekwa kwenye kituo cha afya. Mama akipima kwa kijiko kikubwa, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Basi chora kijiko kwa ukubwa wake wa kweli, ili aweke chake juu ya karatasi na kulinganisha.

Tatu, picha. Ukichora mbu mkubwa kama kuku, watu watasema: "Kwetu mbu kama huyo hayupo." Mkono peke yake, bila mwili, unaonekana umekatwa. Na asiyezoea kusoma haanzi lazima upande wa kushoto. Picha zikiwa nyingi, zipange kutoka juu kwenda chini. Zaidi ya hayo, angalia unamchora nani. Mahali ambapo jamii mbili zimepigana, mgonjwa akivaa kama watu wa upande mmoja na muganga kama wa upande mwingine, bango hilo ni matusi ukutani.

Nne, jaribu kabla ya kuchapisha. Peleka mchoro sokoni, kanisani, msikitini, kwa jamii zote za eneo. Usiulize "Mmeelewa?", maana kwa heshima kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: "Mama, hapa unaona nini? Ukifika nyumbani utafanya nini?" Jibu likiwa tofauti na ulivyokusudia, badilisha mchoro, usimlaumu mama. Halafu rudi tena kuuliza.

Kusikiliza namna hiyo ni kazi ya afya, na ni kazi ya amani. Aliyeulizwa maoni yake hapasui bango. Analieleza kwa jirani yake.